Choo cha Kisimani na Kamati ya Waheshimiwa

Vijana, mkipelekwa kwenye mtaa mpya na mkubwa wenu akawaambia mhakikishe maji yanatoka siku ya Alhamisi, mwulizeni kwanza Ijumaa itakuwaje. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nimepandishwa cheo juzi tu, na nilidhani kuuliza ni dharau.

Naitwa Ndeti. Nimekuwa fundi wa bomba katika nyumba za umma hapa Eastlands kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Sasa magoti yamekataa kuchuchumaa, na kazi yetu nusu yake ni kuchuchumaa, kwa hiyo nimebaki na maneno. Mwalimu wenu wa chuo aliniomba niwaandikie kitu cha kuwasaidia. Nilifikiri ningeandika juu ya katani na rangi, jinsi tulivyofunga maungio ya bomba za chuma kabla ya hiyo tepi yenu nyeupe. Katani unaizungusha kufuata nyuzi za bomba, si kinyume chake. Ukiizungusha kinyume itajikunja na kutoka yote unapokaza, na utalowa mpaka kwenye soksi. Haya, hilo nimewafundisha. Lakini kila nikishika kalamu kinachonijia ni choo kimoja, nyumba namba kumi na nne, mtaa wa Kisimani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odhiambo. Alijifunzia kwenye reli, akaja kwetu na tabia za reli: kufika kabla ya saa, kupanga vyombo kwa ukubwa, na kutoamini neno la mtu aliyesimama. "Mtu aliyesimama haoni bomba," alikuwa akisema. "Lala chini." Aliishi Makongeni na mkewe, na kila asubuhi alikuja kwa miguu, kofia ya ngozi kichwani na mfuko wa turubai begani.

Wiki yangu ya tatu chini yake tulikuwa Ziwani, tukibadilisha valvu iliyokuwa inavuja. Ilikuwa Jumamosi, mzee ameenda kuangalia kazi nyingine, nami nilikuwa na safari ya kwenda nyumbani Machakos. Nilifunga maji, nikabadilisha valvu, nikafuta spana zangu vizuri sana, nikakimbilia basi. Kufungua maji nilisahau. Niliporudi Jumatatu, safu tatu za nyumba zilikuwa zimekaa siku mbili bila tone, na katika safu ya kati Jumapili kulikuwa na harusi. Mzee Odhiambo hakunigombeza. Alinipa ndoo mbili, akanionyesha mfereji wa safu ya nne.

"Valvu nitaifungua saa sita," alisema. "Mpaka hapo bomba lao ni wewe, nyathina." Ndivyo Wajaluo wanavyosema mwanangu.

Nilichota maji tangu saa mbili asubuhi. Mama wa bibi harusi alinitolea pipa zima, akakaa kwenye kigoda kuniangalia nikilijaza, na kila nilipomwaga ndoo alisema "asante" kwa sauti ya mtu anayehesabu makosa. Sijawahi kusahau valvu tena.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa kioo. Tulipomaliza kulaza bomba la maji taka, kabla ya kufukia mtaro, mmoja wetu alishuka na tochi kwenye chemba moja, yaani lile shimo lenye mfuniko wanaloshukia mafundi kukagua, na mwingine akashuka kwenye chemba inayofuata na kioo cha kunyolea. Unamulika huku, unatazama kule. "Ukiona mwezi mzima," mzee alisema, "bomba limenyooka. Ukiona nusu mwezi, limebonyea. Ukiona giza, usifukie, na usitie sahihi." Najua siku hizi mna kamera ndogo inayoingia ndani ya bomba ikiwa na waya wake, na picha inakuja kwenye kioo kama televisheni. Ni nzuri. Niliiona ikifanya kazi mara moja nikasikia wivu.

Sasa Kisimani. Mtaa ulijengwa ng'ambo ya Jogoo Road, kwenye uwanja uliokuwa wa ng'ombe, na haukuwa na kisima wala maji. Sisi hatukuwa tumechagua jina hilo. Udongo wake mnaujua, ndio huo mweusi wa Eastlands. Ukikauka unapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia. Ukinyeshewa unavimba kama unga wa mandazi. Bomba ukililaza juu ya udongo huo bila kwanza kutandika kokoto, hulijengei makao, unalitandikia kitanda kinachogeuka. Mkandarasi alilaza bomba za upande wa chini moja kwa moja kwenye udongo, miezi ya kiangazi, akafukia haraka. Sitamtaja. Jina la kampuni yake lenyewe lilikuwa limebadilika mara mbili kabla ya kazi kwisha.

Tulipoitwa kukagua, mimi nilishuka na tochi na Mzee Odhiambo akashuka na kioo. Tulianzia bomba kuu la barabarani tukipanda: chemba ya kwanza hadi ya sita, sawa. Kati ya sita na saba nilimulika mpaka mkono ukachoka.

"Washa tochi," alisema kutoka kule.

"Imewaka, mzee."

Kisha nikasikia akipanda ngazi.

Hakutia sahihi karatasi ya kuithibitisha kazi. Mkubwa wetu, ambaye nitamwita Bwana Mbugua, alimwita ofisini mara mbili, na mara zote mbili mzee alitoka na kofia yake mkononi na karatasi ikiwa bila sahihi. Mwisho wa mwezi huo alikuwa anastaafu. Tulimnunulia saa ya ukutani na soda, akatuaga. Jumatatu iliyofuata nilipandishwa kuwa msimamizi wa mafundi, na Jumanne karatasi ile ikaja mezani kwangu.

Bwana Mbugua hakuwa mtu mbaya. Nataka mlielewe hilo, kwa sababu mkimngoja mtu mbaya ndipo mkatae, mtatia sahihi kila kitu. Alikuwa mpole, alijua majina ya watoto wetu, na yeye pia alikuwa na wakubwa waliokuwa wakimpigia simu. Alivuta kiti akakaa karibu nami.

"Ndeti, kasoro zipo kila mahali. Zitarekebishwa watu wakiwa ndani. Lakini bila karatasi hii nyumba zitakaa zimefungwa, na kuna watu wamengoja miaka. Wewe unataka waendelee kungoja?"

Sikutaka. Nikatia sahihi.

Jioni nilipita Makongeni kumwambia Mzee Odhiambo, sijui kwa nini. Labda nilitaka aniambie si kitu. Alikuwa anapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba.

"Umefukia?" aliniuliza.

"Ilikuwa imeshafukiwa, mzee."

"Lakini umetia sahihi."

"Ndiyo."

"Basi sasa ni lako," alisema, akaendelea kupanda.

Watu wakaingia. Nyumba namba kumi na nne, ya chini kabisa, mkabala na chemba ya saba, ilipewa Mama Halima, aliyekuwa akiuza mahamri kwenye kituo cha basi, na mumewe aliyekuwa fundi cherehani. Walikuja na mama mkwe, bibi mwembamba aliyeitwa na kila mtu Bi Mkubwa. Walikuwa wametoka Majengo, chumba kimoja cha kuta za udongo, na jina lao lilikuwa kwenye orodha tangu Halima hajazaliwa. Siku hiyo Halima alikuwa akisoma darasa la tatu. Nilikuwapo nikikaza mfereji wao wa jikoni. Bi Mkubwa alipapasa kuta kwa kiganja, akafungua dirisha, akafunga, akafungua tena. Kisha akaniuliza kaskazini ni wapi. Nilimwonyesha. Alihesabu mwenyewe kwa vidole mpaka akapata kibla, akatandika msala wake kwenye kona ya sebule, mahali palipopakana na choo kwa sababu hapakuwa na pengine.

"Sasa nitasali bila kukanyagwa na watu," alisema.

Mvua za masika zilipokuja, udongo ulivimba na bomba likakatika kabisa kiunoni. Maji taka ya nyumba zote za juu yalishuka mpaka chemba ya saba, yakakosa njia, yakarudi. Maji hutafuta mlango wa chini, vijana, na mlango wa chini ulikuwa choo cha Mama Halima. Yalipanda katika bakuli la choo, yakamwagika, yakapita chini ya mlango hadi sebuleni. Nilienda na fimbo za kuzibua mara sita katika mwezi mmoja. Fimbo zilifika pale pale kila mara na kugonga udongo. Nilijua zitagonga.

Mara ya sita Bi Mkubwa alikuwa amekaa kitandani, miguu juu, msala umekunjwa mapajani. Hakunilaumu. Aliniambia kama mtu anayetoa habari: "Nyumba mpya, mwanangu, lakini sina pa kusujudu. Yale ni najisi. Nikikausha huku, kule kumelowa."

Niliandika barua kwa Bwana Mbugua. Akaniambia ameipokea.

Basi ndipo habari ya kamati ikaja. Kulikuwa na kamati ya wabunge iliyokuwa ikizunguka mikoa kuangalia nyumba za umma, iwapo zilizoahidiwa zimejengwa na zilizojengwa zinakalika. Walikuwa wameanza mbali, na Mkoa wa Nairobi waliuacha mwisho kwa sababu uko mlangoni mwao. Sisi tulishapokea wageni wa aina hiyo, na ofisi yetu ilikuwa na dawa yake. Mawe ya kando ya barabara yalipakwa chokaa. Murram, ule udongo mwekundu wa barabara, ilimwagwa kwenye madimbwi. Nyumba moja ya juu ilitiwa mapazia, kochi na kalenda ukutani, ikawa nyumba ya kuonyesha. Miaka hiyo walifika hata kupanda miti: walikata matawi ya jakaranda kule mjini wakayachomeka ardhini kwa safu, yakiwa na majani mabichi mazuri. Mbuzi mmoja alivuta tawi mbele yangu likatoka kama mwiko kwenye sufuria. Nililirudisha mwenyewe nikalishindilia kwa buti.

Kazi yangu ilikuwa maji. Mabomba ya Kisimani yalikuwa yakipata maji siku mbili kwa wiki, na Alhamisi haikuwa mojawapo. Jumatano nilipewa lori la maji nijaze matangi ya juu ya mapaa. Kisha likaja lori lingine, la kunyonya maji taka, nikaamriwa niondoe yote yaliyokuwa kwenye chemba ya sita na ya saba, mpaka chini, na nizisafishe kwa sabuni. Mama Halima alisimama mlangoni akituangalia.

"Fundi, mmekuja kutengeneza?"

"Tunasafisha kwanza, mama."

"Kesho kuna wageni, nimesikia."

"Ndiyo."

"Basi vizuri," alisema. "Nitawaonyesha."

Ningeweza kumwambia pale pale. Neno moja tu: mama, kesho choo chako kitafanya kazi, usiwaite. Niliogopa angelirudia neno hilo mbele ya watu, nami nikajulikana nimelisema. Nikaendelea kusugua.

Walikuja saa nne, magari sita. Bwana Mbugua aliwaongoza upande wa juu. Walifungua mifereji na maji yakatoka. Walinywa chai na sambusa katika ile nyumba yenye kalenda, na mmoja akasema angependa kuhamia. Walicheka. Walikuwa wakielekea magarini Mama Halima alipojitokeza kona, buibui limefungwa kiunoni kama mtu anayeenda kufua.

"Waheshimiwa," aliita, "na huku chini njooni. Sisi pia ni wapangaji."

"Huko tunaendelea na kazi ndogo ndogo," Bwana Mbugua aliwaambia. "Muda umekwisha."

Wengi waliendelea kutembea. Lakini mmoja alikuwepo, mzee mfupi mwenye fimbo, mbunge wa upande wa kaskazini kwenye ukame, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule. Siku nzima hakuwa amesema kitu. Aligeuka akashuka, ikabidi wenzake wawili wamfuate, na Bwana Mbugua, na mimi nyuma yake.

Mama Halima aliwaingiza ndani. Bi Mkubwa alikuwa kitandani, akaitikia salamu yao kwa heshima. Mama Halima alifungua mlango wa choo, akasema, "Tazameni wenyewe. Nikivuta maji hapa, kila kitu kinarudi sebuleni. Mama huyu mwezi wa pili sasa hana pa kusali." Akavuta mnyororo.

Maji yalishuka kwa kishindo, yakazunguka, yakaenda zake. Bakuli likabaki safi, likimetameta.

Alivuta tena. Ilibidi angoje tangi dogo lijae, na sote tulisimama tukilisikiliza likijaa. Yakaenda tena.

Mmoja wa wale wabunge alitabasamu. Hakuwa na ubaya, alitabasamu tu kama mtu aliyepunguziwa kazi. Mama Halima aligeuka akanitazama mimi, si Bwana Mbugua, mimi niliyekuja kwake na fimbo za kuzibua mara sita. Hakuwa na hasira bado. Alikuwa akingoja niseme.

Mheshimiwa mwenye fimbo aliingia jikoni, akafungua mfereji, akakinga maji kiganjani, akayanusa.

"Maji haya yamepanda lori," alisema polepole. "Mimi natoka mahali ambapo maji yote hupanda lori. Harufu yake naijua." Akafuta mkono kwa leso, akanigeukia. "Wewe ndiye fundi wa hapa?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Mama huyu anasema kweli?"

Vijana, nimefikiri juu ya swali hilo miaka mingi, na hakuna swali rahisi kuliko hilo. Lilitaka neno moja. Bwana Mbugua alikuwa akitazama viatu vyake. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na cheo cha miezi minane.

"Kulikuwa na tatizo kidogo, mheshimiwa," nikasema. "Limerekebishwa."

Aliikunja leso akairudisha mfukoni. "Sawa," alisema. "Nyinyi ndio mafundi."

Walipotoka, Mama Halima alibaki ameshika mnyororo wa choo. Bi Mkubwa ndiye aliyesema, kutoka kitandani, bila kupaza sauti: "Nimekusikia, mwanangu."

Ilichukua siku nne chemba kujaa tena. Jumatatu nilikuta maji taka yamefika mguu wa kitanda. Wiki hiyo hiyo Bi Mkubwa alifunga msala na sufuria mbili, mkokoteni ukambeba hadi Majengo, kwenye chumba cha dada yake. Mama Halima hakunisalimu tena. Nilipopita kituoni alikuwa akiwauzia watu wote mahamri, nami akiniangalia kama ninapita nyuma ya kioo.

Hali hiyo iliendelea miaka miwili na zaidi. Sitawadanganya kwamba kila usiku nilikosa usingizi. Nililala. Nilifanya kazi mitaa mingine, nilizibua, nilibadilisha washa, zile pete za mpira za mifereji, nilikwenda Machakos sikukuu. Lakini niligundua nimeanza kuwafokea mafundi wangu kwa makosa madogo. Siku moja nilimfokea mtu kwa sababu amesahau kufuta spana, nikasikia sauti yangu mwenyewe, nikaona aibu. Jumapili ile nilikwenda Makongeni. Mzee Odhiambo alikuwa hoi, macho yameanza kuingia ukungu. Nilimweleza yote, choo, mnyororo, leso ya mheshimiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Watakuja tena," alisema. "Hao hawaachi kuja. Kazi yako ni kuwa tayari." Kisha akaniomba nimsomee barua ya mwanawe kutoka Kisumu, na hatukulizungumza tena.

Walikuja kweli. Kamati nyingine, watu wapya. Yule mzee mwenye fimbo alikuwa ameshindwa uchaguzi. Dawa ikaletwa ile ile, chokaa, murram, kalenda. Niliamriwa tena kunyonya chemba ya sita na ya saba. Ya sita niliinyonya. Ya saba niliifunga mfuniko nikaiacha kama ilivyo, nikamwambia dereva wa lori arudi nyumbani kwa watoto.

Siku ya ziara, mwenyekiti wa kamati, kijana nadhifu wa suti ya rangi ya maziwa, aliuliza mwishoni kama kuna aliye na la kusema. Ni swali la adabu, halingojei jibu. Niliinua mkono.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyetia sahihi bomba la upande wa chini. Halifai. Naomba uje utazame."

Bwana Mbugua alinishika kiwiko. Sikuutoa mkono wake, nilitembea nao. Nilifungua mfuniko wa chemba ya saba na harufu ikawarudisha nyuma wote hatua tatu. Kisha nikawapeleka chemba ya sita, ambayo ilikuwa safi, nikampa mwenyekiti kioo cha kunyolea na kumweleza jinsi ya kukiinamisha. Sitasema alilala chini, lakini alipiga goti moja juu ya gazeti, na suti yake ile. Fundi mwenzangu alikuwa amemulika tochi kwenye chemba ya tano.

"Upande huu unaona nini, mheshimiwa?"

"Naona duara la mwanga."

"Geuza kioo upande wa saba."

Aligeuza. "Sioni kitu," alisema.

"Ndiyo hivyo, mheshimiwa. Ya saba imejaa, na hapa halifiki tone."

Wenzake walicheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. Aliniuliza tangu lini. Nilimwambia. Aliniuliza kwa nini sikusema kwa kamati iliyotangulia. Nikamwambia niliulizwa na nikadanganya, na mama niliyemtia aibu anakaa mlango ule pale. Karani wao aliandika. Mama Halima alikuwa mlangoni na alisikia kila neno. Aliingia ndani akafunga mlango.

Nilipohamishiwa stoo ya vyuma, hakuna aliyeniambia ni adhabu. Nilikaa huko miaka sita nikitoa spana asubuhi na kuzipokea jioni. Bwana Mbugua alipandishwa cheo, na siku ya kuaga alinipa mkono akaniuliza hali ya watoto, kila mmoja kwa jina lake. Ripoti ya kamati sikuiona kamwe. Nilisikia redioni kwamba imesomwa na kwamba kulikuwa na dosari chache. Lakini mwaka uliofuata ziara ile mtaro ulichimbuliwa kati ya chemba ya sita na ya saba. Niliomba ruhusa ya siku moja stoo nikaenda kusimama pale. Walitandika kokoto. Bomba lilikuwa jipya. Sehemu iliyobaki ya upande wa chini hawakuigusa, na mpaka leo wenyeji wa nyumba ya ishirini kwenda mbele wanaweza kuwasimulia yao.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikwenda Majengo. Niliuliza uliza mpaka nikaonyeshwa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa nje kwenye mkeka akichambua mchele. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba kama ya ndege. Alinijua mara moja.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Nilimweleza kwamba bomba limetengenezwa, kweli kweli safari hii, nimeliona kwa macho yangu, sebule ni kavu, anaweza kurudi.

Alichambua punje kadhaa. "Umekuja kuniambia bomba," alisema, "ama umekuja kutaka radhi?"

"Vyote viwili."

"Bomba nimesikia. Mke wa mwanangu alinieleza, na alinieleza pia ulivyosema mbele ya wale watu. Kurudi sirudi. Nyumba mpya nimeshaionja." Akaelekeza kidole uani, penye mfereji wa watu wote, uliokuwa ukivuja kwenye dimbwi la matope. "Ule unavuja tangu Shaaban, na tunaambiwa fundi yuko njiani. Vyombo unavyo?"

Nilikuwa navyo. Fundi hatembei bila spana moja na washa mbili mfukoni. Nilifunga maji, nikafungua kichwa cha mfereji, nikakuta washa imeliwa imebaki kama kucha. Nilibadilisha, nikakaza, nikafungua maji tena, nikangoja nione. Haukudondoka. Watoto waliokuwa wakitazama walichoka wakaenda zao.

Adhana ya alasiri ilianza kutoka msikiti wa jirani. Bi Mkubwa aliinuka kwa kushika ukuta, akaja mpaka pale nilipochuchumaa.

"Sogea kidogo, mwanangu," alisema.

Nikasogea. Alifungua mfereji, akanawa viganja, akasukutua, akaosha uso na mikono mpaka viwikoni, taratibu, hadi miguu, wala hakunitazama. Alipomaliza aliufunga vizuri kwa mkono wake, akaingia ndani kusali. Nilingoja kidogo, kisha nikaokota vyombo vyangu nikaenda.